Majina ya Wale Watano

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, Musyoka mjukuu wangu, ni ile baba yangu aliponinyang'anya sahani ya muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, mbele ya watu wote. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, nimetoka Marekani likizo, na maringo yamenijaa hadi kooni. Sikupanga kukusimulia habari hii kabla sijafa. Lakini jana umenitumia ile video, na tangu jana damu inanichemka.

Hebu tuanze na hiyo video. Nimeitazama mara kumi na moja, Susu, nyanya yako, akinishikia simu. Nakuona unapokea mpira, unakimbia, unavuka mstari wa mwisho, unajipigapiga kifua. Vizuri. Sasa mbona umeukata mwanzo wake? Mimi niliifanya kazi hiyo kabla mama yako hajazaliwa, huwezi kunidanganya. Mwenye kukimbia na mpira hafunguliwi njia na malaika. Kuna wanaume watano wanene mbele yake, kazi yao ni kusukumana na wapinzani hadi upenyo utokee, na mpira wenyewe hawaugusi. Wako wapi? Umewakata! Halafu chini umeandika eti umefika hapo peke yako. Peke yako! Aiya! Kisha unashangaa kwa nini kocha amekuweka benchi wiki tatu na wenzako hawakusemeshi. Unaniambia wana wivu, na kwamba Ijumaa unatia sahihi barua ya kuhama chuo. Wivu gani, wewe? Huko utakakohamia utawakuta wanene wengine watano, na utawakata vilevile.

Sasa nisikilize, na usiniambie eti network ilipotea.

Mimi nilipelekwa huko Marekani uliko wewe sasa kwa sababu ya mbio za mita mia. Mpira ule wa umbo la yai sikuwa nimewahi kuuona. Kocha wake aliniona nikifanya mazoezi akaniomba nijaribu. Mwaka wa kwanza nilikaa benchi, na nilinuna kama unavyonuna wewe. Mwaka wa pili nilipewa mpira, nikakimbia, watu wakapiga kelele, gazeti la chuo likatoa picha yangu nikiwa nimeruka hewani. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ile picha niliikata nikaitia mfuko wa shati, na nilipokuja likizo nyumbani Katelembo nilikuwa naitoa hata kwa mtu aliyeniuliza njia tu.

Siku hiyo nilimkuta baba ameita mwethya. Majirani kama thelathini walikuwa wamekuja kutuchimbia matuta kule mteremkoni, mvua isije ikabeba udongo wote. Mimi sikushika jembe. Nilikaa kivulini nikiwaonyesha wasichana wa kuteka maji picha yangu. Na desturi unaijua, hata mtoto anaijua: waliolima ndio wanaopakuliwa kwanza, wakishiba ndipo mwenye shamba na watu wake wale. Mama alipoleta chakula, watu bado wananawa udongo mikononi, mimi nikanyoosha mkono nikachukua sahani ya kwanza.

"Hiyo ni ya nani?" baba akauliza.

"Ni yangu, baba."

"Umelima wapi?"

Watu wakacheka. Akaninyang'anya sahani, akaiona picha mfukoni, akaichukua pia. Aliitazama kwa muda mrefu. Baba yangu hakujua kusoma, lakini kutazama alijua.

"Hawa walio chini yako ni akina nani?"

"Ni wale wanaonifungulia njia."

"Wanaitwa nani?"

Mwanangu, jina sikuwa nalo hata moja. Mmoja nilimjua kwa namba ya jezi, sitini na nane. Wengine sikuwajua hata kwa hiyo.

"Watu wamekulimia mwaka mzima," baba akasema, "na hujui majina yao. Na huko pia, sahani ya kwanza ni wewe uliyeichukua?"

Na ilikuwa kweli. Alinifanya niwanawishe mikono wale watu thelathini, mmoja mmoja, nikitaja jina la kila mmoja kabla ya kummiminia maji, kisha niwapakulie. Nilikula ukoko. Nilimkasirikia siku tatu nzima, nikamwona mzee mshamba asiyejua mpira ni nini. Bure kabisa nilikuwa.

Niliporudi chuoni nilienda moja kwa moja kumtafuta sitini na nane. Nikaambiwa ameshaondoka. Goti lake lilivunjika katika mchezo ule wa picha yangu, na hatacheza tena. Nikaitoa ile picha mfukoni. Kumbe alikuwamo! Amelala chini, ameshika goti kwa mikono miwili, na mimi nimeruka hewani juu yake nikienda kushangilia. Miezi miwili nilitembea na maumivu ya mtu mfukoni nikiringa nayo.

Jina lake lilikuwa Walter. Nilimwandikia barua, hakujibu. Simlaumu. Asante ya punda ni mateke, na punda nilikuwa mimi. Wale wanne waliobaki niliwapakulia chakula siku iyo hiyo, wakadhani nimerukwa na akili. Lakini tulikula pamoja hadi tukamaliza chuo, na mmoja wao bado hunipigia simu kila Krismasi akiuliza goti la nani linauma zaidi.

Basi nasaha yangu ni hii, na sitairudia kwa sababu umenichosha. Usile kabla ya waliokulimia. Usimkate mtu kwenye picha aliyoilipia kwa mwili wake. Kesho asubuhi nenda pale mnapokula, chukua sahani, wapakulie wale watano, na uombe radhi kwa mdomo wako, si kwa simu. Kisha nitumie majina yao yote matano kabla ya Ijumaa. Ukishayajua na bado ukataka kuhama, hama, sitakuzuia. Lakini usihame kabla hujayajua, kwa maana mimi jina moja nililijua nimechelewa, na hadi leo linaniamsha.

Baba aliponisindikiza nirudi Marekani alinitemea mate kifuani, baraka ya wazee wetu. Nami nimetemea hii simu sasa hivi, na Susu yako ananigombeza huku anaifuta kwa leso. Mungu ailinde miguu yako, mwanangu, lakini ayalinde kwanza magoti yao.