Turubai la Msiba wa Kuigiza

Filamu yangu ya kwanza ilikuwa na msiba mmoja, na msiba huo nusura uniulie mama. Sasa naweza kucheka. Siku ile sikucheka.

Tulikuwa watatu: mimi mwongozaji, rafiki yangu wa kike mwigizaji, na kaka mmoja fundi redio wa hapa hapa Manzese tuliyemwachia kazi zote zilizobaki. Kamera ilikuwa simu yangu, tumeifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli kwenye mpini wa fagio. Taa ilikuwa jua. Nyumba ilikuwa ya kwetu, ninapoishi na mama, sisi wawili tu, na hapo ndipo uongo wangu ulipoanzia.

Filamu iliishia kwa kifo. Nilijua mama hatakubali maiti alazwe sebuleni kwake, hata awe maiti anayepumua. Angesema ni uchuro, na presha yake ingepanda. Kwa hiyo nikasubiri siku ya yeye kwenda Madale kwa mama mdogo aliyejifungua, nikamwambia tutapiga kipande kidogo cha harusi.

"Msinivunjie vyombo," ndiyo yote aliyosema.

Asubuhi hiyo alikuwa ameniamsha kama anavyoniamsha tangu niko darasa la kwanza, kwa kugonga mlango na maneno yale yale: "Amka basi." Na mimi, kama kawaida yangu, nilingoja mpaka aseme mara ya tatu.

Tulifunga turubai la kuazima mbele ya nyumba, tukatandika mikeka. Rafiki yangu akalala sebuleni, akafunikwa shuka jeupe mpaka kichwani. Simu nikaitoa hewani ili mtu asipige katikati ya kurekodi. Nilijiona mjanja kweli.

Wazo la kuwataarifu majirani halikutujia kabisa. Mtaani kwetu turubai likifungwa na vilio vikisikika, mtu haulizi mlangoni nani kafa. Anajitanda kanga, anavua viatu, anaingia, anakaa. Habari atazipata mkekani. Sisi tulikuwa tumepanga waliaji wanne, ndugu zake fundi redio. Mara nikaona kumi. Mara sebule imejaa, na nje wanaume wameshapanga mafiga, mtu kaleta sufuria kubwa na mwingine kaja na mchele.

Nikamnong'oneza fundi redio: "Braza, umetisha. Umewatoa wapi wote hawa?"

"Mie? Si nilijua umewaita wewe."

Ilitakiwa nisimamishe pale pale. Lakini walikuwa wanalia vizuri mno. Nikaendelea kurekodi, Mungu anisamehe.

Ambacho sikukijua ni kwamba mwenye genge la mboga upande wa pili wa barabara, shoga yake mama, alikuwa ameliona turubai. Hakuwa na wa kumwachia genge, akapiga simu Madale. Na kwetu habari ya kifo haipasuliwi kwenye simu. Akamwambia tu, "Shoga, rudi nyumbani. Usiniulize kitu, we rudi." Mama akanipigia mimi. Sipatikani. Akapiga tena. Sipatikani. Nyumba ina watu wawili, na mmoja ni yeye. Akajua ni mimi.

Nilimwona kupitia kioo cha simu. Aliingia na kandambili za mama mdogo, kila mguu na rangi yake, kanga moja tu kiunoni, vumbi la bodaboda usoni. Halii. Wanawake wakampisha. Mimi nimechuchumaa kwenye kona nyuma ya fagio langu, miguu hainyanyuki na sauti haitoki. Alipiga magoti pembeni ya shuka, akasema kitu kwa sauti ya chini ambacho sikukisikia, kisha akafunua.

Rafiki yangu anaiheshimu kazi, lakini pia kwao wamemlea. Alifumbua macho, akaona mtu mzima kamwinamia, akasema: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," mama akajibu, kwa mazoea.

Sebule ilibaki tupu papo hapo. Watu walitokea mpaka dirishani; viatu vilivyoachwa mlangoni vilichukua siku mbili kupata wenyewe.

"Mwanangu yuko wapi?" mama akamuuliza maiti.

"Nipo, mama." Sauti ikapatikana. "Nipo hapa."

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akanigeuza huku na huku kama anachagua papai, akaninusa nywele. Halafu akanitandika kofi la mgongo ambalo nalisikia mpaka leo. Halafu ndiyo akalia, na mimi nikalia naye. Aibu niliiona, sikatai, lakini ahueni niliyoipata ilikuwa kubwa kuliko aibu: hajaanguka, anapumua, na ana nguvu za kunipiga.

Mjumbe wa mtaa alikuja kunigombeza, na alikuwa na haki. Majirani waliporudi wakanigombeza kwa zamu. Wali ulikuwa umeshaiva, na mama, akiwa kakaa kwenye mkeka wa msiba wangu, akasema: "Hamna kumwaga chakula. Kaeni mle. Mwanangu mzima." Wakala. Hata shoga yake alifunga genge akaja, akawa anaomba radhi kwa kosa lililokuwa langu.

Jioni niliiangalia ile video peke yangu. Niliiweka simu sikioni ili nisikie alichosema kabla ya kufunua shuka.

"Amka basi," alisema. Akangoja. "Amka basi." Akangoja tena. Aliposema mara ya tatu ndipo akafunua.

Wenzangu waliniambia hakuna kipande kizuri kuliko kile katika filamu nzima, na hawajanielewa mpaka leo kwa nini nilikifuta. Filamu tuliimaliza bila msiba.

Kesho yake baada ya msiba ule, alfajiri, mlango uligongwa. "Amka basi," mama akasema, na kabla hajarudia nilikuwa nimeshaufungua.