Ndege Yule wa Mama Vasanti

Saa tano asubuhi ndege inapita chini kabisa, karibu iguse paa la karakana hii ya Hounslow, jirani na uwanja wa ndege, vikombe vinatikisika, na Placida Komba wala hainui kichwa. Ndege yake iko mapajani, kwenye zulia kuukuu. Ni ya sufu, ina manyoya mabawani na miguu iliyokunjwa, na kichwani pana tundu lililoliwa na nondo.

Zulia hilo lilifumwa Uajemi. Mfumaji alipewa bango la tangazo la safari za anga aliige, na inaelekea ndege yenyewe hakuwahi kuiona, basi akajiongezea alivyopenda.

Placida, mzaliwa wa Mbinga, ana miaka tisa katika kazi ya kukarabati mazulia ya picha. "Nimeshaona simba mwenye kope, na treni inayotoa maua badala ya moshi," anasema. "Wale watu walikuwa wanaota huku wanafuma. Nikikaa nayo kutwa, na mimi naota."

Mwenye zulia ni mama Vasanti wa Kenton, aliyekulia Tanga. Macho yake yanafifia, na daktari hakumficha: huenda mwaka huu usiishe akiwa anaona. Anataka kuliona zulia la baba yake likiwa zima. Picha ya zulia hilo kabla halijatobolewa haipo, na binti yake, Dipti, anashikilia kwamba pale penye tundu palikuwa na dirisha la rubani.

Placida aliogopa kukosea. Akamwomba mama asimulie tu.

"Akasema, 'Nilikuwa nalala pale chini, ndege yule ananitazama mpaka nasinzia.' Yule, siyo ile," Placida anacheka. "Dipti anaelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, hilo lilimpita. Mimi nikajua papo hapo natafuta jicho, tena linaloangalia chini."

Wiki nzima amelifuma, fundo baada ya fundo, kwa sufu nyeusi na chembe ya dhahabu.

Leo mama Vasanti ameletwa. Anaomba zulia litandikwe sakafuni, kisha, huku Dipti akimsihi asijiumize, anajilaza juu yake taratibu, shavu kwenye sufu.

"Huyu hapa," anasema. "Bado ananiona."

Placida anageukia dirishani, anajifuta macho kwa kiganja. Miaka sita hajafika nyumbani. Kila mwaka husema mwakani.

"Mama yangu kule Mbinga bado anaona vizuri," anasema. "Desemba naenda, anione."