Mpwa Wangu kwenye Meza ya Karata

Kombe la ushindi wake wa kwanza mpwa wangu alilileta likiwa limezungushiwa gazeti, akaliweka juu ya jamvi nilipokuwa nimekaa kuwasubiri watoto wa chuo cha Kurani. Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua zile kubwa zilikuwa zimekwisha, na barabara yetu ya Msambweni ilikuwa bado ina mashimo ya kumeza gurudumu. Alilifunua taratibu. Lilikuwa kombe la rangi ya dhahabu, jepesi, lenye karata tano zilizochorwa kifuani.

"Shikamoo, mjomba. Nimeshinda."

"Marahaba. Umeshinda nini?"

"Poka. Mashindano ya hoteli. Walikuwa wageni watupu, na mimi."

Nililitazama kombe, kisha nikamtazama yeye. Nilijua kwamba mwalimu wa Kurani akiletewa kitu kama kile hukasirika. Niliitafuta hasira nikaikosa, nikatafuta hata aibu, nayo sikuiona. Basi nilimwambia maneno niliyoyajua, kama mtu anayesoma maandishi ya ukutani: kwamba kamari ni haramu, na kwamba anayegawa karata na anayezicheza wote wamo katika jambo moja.

"Lakini mimi sikuweka kitu, mjomba. Wafanyakazi tunaingia bure, tujaze viti."

"Na wenzako mezani?"

"Wao waliweka."

"Basi umejijibu."

Alicheka kidogo, akalifunga tena kombe lake. Watoto wakafika, tukaanza kusoma.

Ni lazima nieleze hali yangu ya wakati ule, kwa sababu bila hiyo haya mengine hayataeleweka. Mke wangu alifariki katika mvua zile. Tulimzika kwenye tope, watu wakaja kunipa pole, wakaenda zao. Tangu siku ile swala hazikunipita, nilisomesha, nilikula nilichopewa. Sikumlalamikia Mwenyezi Mungu hata mara moja, maana miaka aliyotupa pamoja ilikuwa mingi na mizuri. Ila ndani ya kifua palikuwa pametulia kupita kiasi, kama nyumba ambayo wenyewe wamehama. Habari njema ikija ilipita, na habari mbaya nayo ilipita.

Mpwa wangu huyu ni mtoto wa dada yangu. Sisi Wadigo tangu mababu tunasema mtoto ni wa mjomba kabla hajawa wa baba. Dini ilikuja ikatutengenezea mambo ya mirathi, lakini jambo moja lilibaki: kijana akitaka kuoa, mjomba ndiye anayemwendea kuposa. Yeye alikuwa akigawa karata kwenye kasino ya hoteli moja ya Diani. Baada ya zile fujo za Likoni za kabla ya uchaguzi, wageni walipungua sana, meza zikabaki tupu. Meneja akaanzisha mashindano kila Jumamosi, na wafanyakazi waliokuwa na siku ya mapumziko wakaruhusiwa kukaa kucheza, ili wageni wachache waliokuwapo wasijione wapweke. Hivyo ndivyo mtoto wa dada yangu alivyotoka upande wa kugawa akaenda upande wa kucheza.

Mwaka ule ule alimwona binti wa Kikoneni aliyekuwa akishona nguo kwa shangazi yake Ukunda. Baba wa binti alikuwa mkulima wa korosho na machungwa, na ndiye aliyeswalisha msikiti mdogo wa kijijini kwao.

"Mjomba, utaniendea?" aliniuliza.

"Nitakwenda."

"Watakuuliza nafanya kazi gani."

"Nitawaambia."

Alichora chora kwenye mchanga kwa kijiti. "Na wakinikataa?"

"Watakuwa wamekukataa."

"Mimi simtaki mwingine, mjomba. Nakwambia wewe tu. Nikimkosa huyu, basi."

Nilimsikia. Nilielewa kwamba maneno yale yalikuwa mazito kwake. Kwangu yalifika kama sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto.

Dada yangu yeye alikuwa na hasira ya kutosha sisi sote. "Nenda ukamtoe pale," aliniambia. "Wewe ni mjomba. Akikuona na kanzu yako mlangoni ataona haya." Jumamosi moja baada ya adhuhuri nilikwenda. Askari wa lango la wafanyakazi alikuwa amesoma kwangu zamani.

"Shikamoo, mwalimu. Umekuja kuogelea?"

"Marahaba. Nimekuja kumtazama mtu."

"Yumo ndani, anawanyoa. Leo ndiyo fainali ya hoteli tatu. Pita jikoni, utaona vizuri."

Wapishi walikuwa wamejazana mlangoni wakichungulia. Mmoja wao, mtu mzima mwenye taulo begani, aliniwekea kreti nikae akanieleza mchezo. Kila mchezaji huficha karata mbili, nyingine hulazwa wazi katikati kwa wote. Mwenye karata nzuri hushinda, lakini hata asiye na kitu hushinda akiweza kuwatia wenzake hofu wakatupa zao.

"Kwa hiyo ni mchezo wa kutishana," nilisema.

"Ndiyo, mwalimu. Na mpwa wako hatishiki. Yule mrefu umemwona? Hana kitu. Akiwa hana kitu hujikuna shingo."

Walikuwa wamebaki wawili, mpwa wangu na mgeni mmoja mrefu mwenye fulana ya mistari. Yule mrefu alivisukuma vidude vyake vyote vya plastiki, ndiyo fedha ya mezani, katikati ya meza, akaegemea nyuma akitabasamu. Mpwa wangu hakufanya lolote. Alikaa. Alimtazama yule mtu kama anayetazama ukuta uliopakwa chokaa. Wapishi waliacha kunong'ona. Kisha akavisukuma vyake pia, taratibu, akafunua nane mbili, moja ya kopa na moja ya shupaza. Yule mrefu hakuwa na kitu. Watu wakapiga makofi. Mpwa wangu akainuka akapewa funguo za pikipiki mpya, na hata hapo uso wake haukubadilika.

Sikumtoa mlangoni kwa kanzu yangu. Nilimsubiri nje.

Sikukubali kuipanda pikipiki ile, naye hakukubali kuniacha nitembee peke yangu. Basi aliisukuma kwa mkono mpaka Ukunda, jasho likimtoka, watu wakituuliza njiani kama mafuta yamekwisha.

"Ule uso umejifunza wapi?" nilimuuliza.

"Kwako."

"Kwangu?"

"Siku tuliyomzika mkaza mjomba. Watu walikuja kukupa mkono mmoja mmoja, nami nilikuwa nimesimama karibu nakutazama. Hakuna aliyejua una nini ndani. Nikasema, huyu mjomba wangu angekaa mezani, nani angemweza? Sasa nikikaa pale nakukumbuka wewe, basi."

Tulikwenda hatua kadhaa. Malori ya mchanga yakatupita.

"Mimi sikuwa nimeficha kitu," nilimwambia.

"Ndivyo inavyotakiwa ionekane."

"Hapana, mwanangu. Hapakuwa na kitu cha kuficha. Palikuwa patupu, na mpaka leo ni patupu."

Alisimama akiishikilia pikipiki. Kisha akaendelea kusukuma. Pikipiki ilifika kwa dada yangu, naye akasema haiingii ndani. Ikakaa nyuma ya nyumba, kuku wakataga kwenye kiti chake.

Ushindi wa tatu niliusikia tu, maana haukuwa na mahali pa kwenda kutazama. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Meneja wa hoteli alikuwa na kompyuta iliyounganishwa na simu, na mpwa wangu alimwomba aitumie siku ya mapumziko. Alinieleza kwamba alicheza na watu wa nchi nyingine ambao hakuwaona wala wao hawakumwona, kila mmoja yuko kwao. Mtandao ulikatika mara mbili, na mhasibu alitaka simu yake apige Mombasa. Alikaa pale tangu asubuhi mpaka alasiri na akawashinda wote. Zawadi ilikuwa tikiti ya ndege na kiti kwenye mashindano makubwa ng'ambo.

"Na huko uso wako ulikusaidia nini," nilimuuliza, "kama hawakuoni?"

"Ndilo lililonishangaza, mjomba. Hakuna anayekutazama, lakini nilikaa vile vile. Hata mhasibu aliponitukana sikugeuka."

Safari ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Posa ya Kikoneni tulikuwa tumepangiwa Jumapili kabla ya hiyo.

Kwa desturi kijana haendi kwenye posa yake mwenyewe. Lakini baba wa binti alikuwa amesikia kwamba anayemtaka binti yake ni bingwa wa karata, akatuma salamu kwamba bingwa lazima aje. Mimi na shemeji zangu wawili tukavaa, tukakodi pikapu, tukampakia.

Tulipofika nilielewa kilichotokea. Mzee yule alikuwa mpenzi wa wahedi wa sitini, ule mchezo wetu wa karata wa vibarazani usiowekewa kitu, wa kusubiria swala na kuchekana. Alifikiri mpwa wangu ameshinda kombe la huo. Kabla hata ya kahawa alikuwa amekwisha kutandika mkeka, akamkalisha kijana upande wake wawe wenza, na ndugu zake wawili wakakaa upande wa pili.

Katika wahedi wa sitini wenza husemeshana kwa uso. Ukiwa na turufu unainua nyusi, ukiwa na ree, ile karata ya moja, unavimbisha shavu. Adui akiiona ishara yako, huo ni ujanja wake. Hakuna anayeuita wizi, ndio mchezo wenyewe. Mpwa wangu ameucheza tangu akiwa mdogo. Lakini siku ile alizishika karata zake akakaa kama alivyokaa Diani.

"Mkwe, una turufu au umelala?" mzee alimuuliza.

"Ninayo, baba."

"Usiniambie kwa mdomo, hawa wanasikia. Niambie kwa uso."

Mpwa wangu alijaribu. Niliona jasho kwenye paji lake. Nyusi hazikuinuka.

"Bingwa wa Diani huyu," alisema mmoja wa wale ndugu, "au wametuletea picha yake?"

"Mwacheni," alisema mzee. "Anaogopa wakwe."

Mpwa wangu na mzee walifungwa vibaya. Mzee alizikusanya karata, akazigonga gonga kwenye goti, akanigeukia mimi. Hakuwa akicheka tena.

"Mwalimu, wewe nitakuuliza, maana hutasema uongo. Kijana huyu alishinda mchezo gani?"

Shemeji yangu alinibana mguu. Labda mtu mwenye hofu angetafuta njia ya kuzunguka. Mimi sikuwa na hofu wala ujasiri.

"Poka," nilisema. "Ni kamari ya wageni. Yeye hakuweka kitu chake, lakini meza ni ya kamari, na kazi yake ni kugawa karata kwenye meza hiyo. Ana pikipiki ya huko, na ana tikiti ya kwenda ng'ambo kucheza Alhamisi."

Mpwa wangu aliinamisha kichwa. Mzee aliziweka karata chini, akaingia ndani. Tulisikia sauti za wanawake, zikapanda, zikashuka. Aliporudi alikuwa na mkewe, mwanamke mfupi aliyejifunga leso ya manjano, na mkewe ndiye aliyesema.

"Mahari ni ya binti, na binti amesema mwenyewe. Hataki kitu cha hoteli, wala kombe, wala chombo cha moto. Anataka mikorosho. Baba yake ana kipande kule juu kimekaa bure. Kijana akipande chote, kwa mkono wake, kisha ndoa. Aanze Alhamisi, ardhi bado ina unyevu. Asipokuja Alhamisi, msituletee tena maneno."

"Amesema Alhamisi?" shemeji yangu aliuliza.

"Masikio yake hayana ubovu. Amesikia yote mliyoyasema hapa."

Tulirudi kwa ile pikapu. Karibu na njia panda mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, ungekuwa wewe?"

"Umekwisha kunisikia kuhusu kamari."

"Siulizi dini. Naiuliza roho yako."

Nilifikiri. Nilitaka sana kumpa kitu. "Roho yangu haina jawabu," nilisema. "Jawabu litafute kwako." Alitazama nje mpaka tukafika.

Alhamisi niliswali alfajiri nikaondoka. Sikuwa nimemwona tangu Jumapili, na dada yangu alisema kijana hakulala nyumbani. Nilipanda gari la kwanza la Kikoneni, maana ilinipasa mimi niwepo ama kuomba radhi kwa niaba yake, ama kushuhudia. Sikujua ni lipi, na sitasema kwamba moyo ulinidunda.

Kile kipande kilikuwa nyuma ya michungwa ya mzee. Nilisikia jembe kabla ya kuona mtu. Mpwa wangu alikuwa amekwisha chimba mstari mzima wa mashimo, shati limening'inia kwenye kisiki, na viganja vyake, viganja laini vya kugawa karata, vilikuwa vimetoka malengelenge na kupasuka. Alikuwa akilia. Hakujificha, wala hakusimamisha jembe. Machozi yalimtiririka tu kama jasho, akaniamkia, nikaitikia.

"Ndege yako?" nilimuuliza.

"Itakwenda bila mimi."

Mama wa binti alikuja kwa njia ya michungwa na sufuria ya uji wa muhogo, ameibeba mwenyewe. Hakumpa mtu mwingine ailete. Aliiweka chini karibu na miche, akamwambia, "Kula, mwanangu, bado kuna mistari," akarudi zake. Kijana aliitazama ile sufuria. Alielewa kwamba amekubaliwa, nami nilielewa.

Nilisema alhamdulillahi. Niliisema kwa sauti, ingawa kifua kilikuwa kimetulia vile vile. Kwa miezi mingi nilikuwa nikisubiri moyo wangu urudi ndipo nishukuru ipasavyo, na asubuhi ile niliona kwamba shukrani inaweza kutangulia, moyo ukaja utakapojaliwa. Kisha nikavua kanzu, nikaitundika pale pale kwenye kisiki, nikabaki na kikoi na fulana. Nikapiga magoti nikamshikia mche usimame wima wakati yeye akiurudishia udongo.