Rozari za Mpingo za Emilia na Matonya

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipofunga bahari, masanduku ya misheni hayakufika tena bara. Watu wa Mkonze waliobatizwa mwaka ule walibatizwa bila rozari. Emilia, mama wa Sila na mke wa Matonya mchonga vigoda, hakuridhika. Tangu usichana wake alikuwa fundi wa kutunga shanga, na mikono yake haikujua kukaa bure.

Akaokota mbegu za mgunga, akaziloweka zikalainika, akazitoboa kwa msharasi na kuzitunga katika uzi wa mshipa wa ng'ombe. Zilipendeza mno. Padri akazibariki, na wanawake wakarudi makwao kwa vigelegele.

Haikupita miezi mingi. Jumapili moja, katikati ya sala, unga mwembamba ukaanza kudondoka mapajani mwa watu. Bibi Loisi akafungua kiganja chake. Kidudu cheusi kilikuwa kimetoka ndani ya mbegu, kinampanda kidole.

"Baba Padri," akasema kwa sauti, "Salamu Maria yangu inatembea!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Padri alijikaza, ikamshinda, akafunika uso kwa kitabu.

Emilia alicheka na wenzake, lakini njiani machozi yakamtoka. Alipofika nyumbani akaitupa rozari yake mbele ya mumewe. Matonya hakuwa Mkristo. Yeye alishika tambiko la babu zake, na kanisani hakuwahi kukanyaga. Akauokota ule uzi, akaugeuzageuza.

"Mama Sila, mafundo yako mazuri. Ulichokosea ni mti tu."

"Mti gani, baba?"

"Mpingo. Mdudu akiuma mpingo, meno yake atayaacha humo humo."

Wakaanza kazi pamoja. Matonya alichonga na kutoboa. Emilia alisugua punje kwa majani ya msasa, akazing'arisha kwa samli, kisha akazitunga. Mwanzoni waligombana sana, kwa kuwa Matonya alitaka kila punje iwe na nakshi yake, kama vigoda vyake.

"Ziache zifanane," Emilia akamwambia. "Zote zinasema neno moja, Salamu Maria."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo ni ya Baba Yetu."

"Kumbe! Baba hawezi kuwa sawa na watu wote. Huyu nampa nakshi."

Emilia akafikiri, akaona mumewe amesema kweli. Basi punje kubwa zikachorwa mistari myembamba ya kuzunguka, na kwa mistari hiyo rozari zao zikajulikana hadi Mpwapwa na Kibakwe.

Matonya hakubatizwa. Ila kila misa ilipokwisha, watu walimkuta nje ya kanisa akiwaomba wamwonyeshe rozari zao. Aliyemwambia kwamba nakshi ya rozari yake imependeza kuliko ya jirani yake, alichukuliwa moja kwa moja kwenda kunywa pombe ya uwele.