Popi hakulishwa sumu

Leo asubuhi mama kamtuhumu jirani yetu, mbele ya watu, kwamba kamlisha mbwa wetu sumu.

Popi alikuwa ameamka hawezi hata kusimama. Fizi nyeupe, chakula hataki. Na huyo jirani, Mzee Nandonde, analalamikaga sana Popi akibweka.

Nikampakia Popi kwenye bajaji hadi kwa daktari wa mifugo, hapahapa Chanika. Nikaomba dawa ya sumu.

Daktari akakataa. "Nikimtibu kwa kukisia naweza kumuua. Tupime damu kwanza."

Majibu yakatoka: homa ya kupe. Sumu hakuna.

Akachomwa sindano. Jioni kainua kichwa, kanywa supu kidogo.

Nikamweleza mama. Akajifunga khanga, tukaenda wote kwa mzee.

"Shikamoo kaka. Nimekukosea. Mbwa ana homa ya kupe."

"Marahaba." Mzee akatutazama. "Hivi huyo daktari anapima na paka? Wangu hali chakula tangu juzi. Mie nilidhani ni nyie."

Kesho paka anapelekwa.

Nyie huko mnapimaga, au mnashukiana tu?