Fimbo ya Mpingo Ndani ya Mfuko Wangu

Fichani jina langu na la klabu vilevile, maana nikijulikana nimekwisha. Mie ni mwanamume wa miaka ishirini na saba, nakaa Mwananyamala na baba yangu mzazi, mchongaji aliyehamia hapa kutoka Newala kabla ya Uhuru. Mama tulishamzika. Tumezaliwa wawili tu, na huyo kaka yangu ndiye anayenifanya niandike kwa hasira.

Sie wote ni makedi, wale wanaobebea mabwana mifuko ya fimbo za gofu. Tulianza enzi za Wazungu, wakituita boi. Wakaja wenzetu wenye vyeo, wao wanatuita ndugu, ila mfuko uko begani kwetu palepale. Lakini kucheza tunajua. Siku ya Jumatatu uwanja unakuwa wetu, na Jumatatu hizo hakuna kedi aliyekuwa ananifunga mie, kaka akiwemo.

Mwaka huu klabu ikatangaza mashindano ya makedi. Mshindi apelekwe Nairobi kufundishwa, arudi awe mchezaji wa kulipwa na mwalimu wa klabu. Mjue maana yake: kutoka kubeba mfuko hadi kubebewa. Siku ya mchezo mabwana walijaa barazani na bia zao, wakawekeana dau juu yetu kama majogoo. Wengi waliniwekea mie. Kaka alisikia, akatabasamu tu.

Sasa baba. Fimbo sie hatuna, kila mmoja aliazima mfuko wa bwana wake, umejaa fimbo kumi na nne kamili. Hilo lilimuuma mzee, watoto wake kuchezea vya watu. Akachonga kimyakimya fimbo mbili za mpingo, nzuri mno, akazivika soksi kichwani kama alivyoona za Wazungu zinavyovikwa. Asubuhi tulipokuwa tunaoga akatumbukiza moja kwenye mfuko wangu na moja kwenye wa kaka, akaziombea, asituambie neno. Alitaka tuzikute wenyewe tukiwa uwanjani, tufurahi.

Na sheria ya gofu inasema mwisho fimbo kumi na nne. Ukiwa na ya ziada, hata usipoigusa, unaongezewa mapigo, na anayeshinda ni mwenye mapigo machache. Kuhesabu ni kazi ya mchezaji mwenyewe. Mie sikuhesabu, niliuazima jana yake umejaa, na soksi ni soksi, sikuitilia shaka.

Nilicheza siku hiyo, jamani! Nilimwacha kaka kwa mapigo matatu. Mabwana wanapiga makofi, baba yuko nje ya ua anarukaruka mzee mzima. Kabla sijatia sahihi kadi yangu, kaka akasogea kwa katibu wa klabu, kwa adabu zote: "Samahani, wazee. Naomba mfuko wa mdogo wangu uhesabiwe."

Ukahesabiwa. Ikatolewa ile fimbo nyeusi, ikainuliwa juu watu waione. Na baba kule nje ya ua, masikini, alidhani wanaisifu. Akapaza sauti: "Hiyo yangu! Nimeichonga mimi mwenyewe! Mimi ndiye baba yao!" Mabwana waliangua kicheko hadi bia zikamwagika. Mmoja akamfuata kumweleza polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. Nilimwona baba akiishika nguzo ya ua kwa mikono miwili. Nikaongezewa mapigo manne. Mfuko wa kaka hakuna aliyeuhesabu. Kaka akabebwa juu juu.

Tangu siku hiyo baba si baba tena. Patasi na tezo zake kampa mchongaji mwenzake, kasema mkono wake una nuksi. Jioni nikitaka kula ananiletea maji ananinawisha mikono, baba yangu mzazi! Nikikataa analia. "Acha, mwanangu. Nimekuua mimi."

Nikajisemea basi, ni ajali, mzee hakujua, na kaka kaiona uwanjani tu. Hadi juzi. Kaka kalewa kwenye kilabu cha pombe, ananipigapiga begani. "Unajua na mie alinitilia? Niliiona asubuhi ileile, nikaitoa nikaitupa majanini. Nikachungulia na mfuko wako, nikaikuta. Sasa ulitaka nikutolee? Mie ndiye mama yako?"

Nikamuuliza, "Ukamwacha baba achekwe vile?"

"Kwani nilimtuma achonge? Nenda kamwambie basi. Mtoto mmoja ashamharibia, na huyu aliyebaki umharibie wewe. Uone kama atafika Krismasi." Akaagiza nyingine.

Nilitaka kumpasua. Sikumpasua, nikatoka nje nikaenda zangu.

Kaka anaondoka mwisho wa mwezi. Mtaa mzima unamsifu, na baba ndiyo kabisa, jina la kaka ndilo pekee linalomtoa tabasamu. Nikimwambia kweli, atajua kwamba hakuniua yeye, ila atajua kazaa mtu wa namna gani. Nikinyamaza, nitanawishwa mikono na baba yangu mpaka siku nitakapomzika, naye atakufa akiamini yeye ndiye mwenye kosa.

Na kuna desturi yetu ya kusini, msafiri hupakwa unga kichwani na mzazi wake, aombewe njia. Jana baba kanipigia magoti. Kasema hathubutu kumgusa kaka kwa mkono wake wenye nuksi, asije akamharibia na yeye. Anataka unga nimpake mie, nimwombee kaka mema kwa sauti, watu wote wasikie, na yeye baba atakaa mbali.

Nimeitikia, kwa sababu alikuwa chini miguuni pangu. Wasomaji wenzangu, nyie mlio na baba na mlio na ndugu, niambieni kweli bila kunionea haya: siku hiyo nikisimama mbele ya kaka na watu wote wananisubiri, nifumbue mdomo niseme nini?