Fundi Aliyeiinua Kamyoneti ya Chama

Jumatatu asubuhi, nilipokuwa nikinunua mkate pembeni mwa soko la Kampemba, jirani mmoja wa parokia yetu alinishika mkono na kuniambia, "Papa, umesikia? Ule muzee wa magari amekufa." Nikamwambia nimesikia. Akabaki akinitazama, akingoja niseme neno la huzuni au niulize msiba uko wapi. Nikachukua mkate wangu nikaenda zangu. Mchana wa siku hiyohiyo mwana mkubwa wa marehemu, kijana mpole asiye na hatia yoyote katika haya, alikuwa ameketi sebuleni kwangu akiniomba nimwandikie baba yake maneno mazuri katika safu hii ya gazeti, kwa kuwa tulifanya kazi pamoja. Sifa alikuja nazo tayari: fundi wa mafundi, mtumishi wa watu, mtu aliyeishi vizuri na kila mmoja. Nilimjibu kwamba nitaandika, lakini si hayo. Najua kwetu marehemu hasemwi. Desturi hiyo naiheshimu inapowafariji wafiwa; inapowaziba mdomo walioumizwa, siiheshimu, na walioumizwa wapo, wanaishi mitaa michache tu kutoka soko hilo. Mtu huyu sikumpenda alipokuwa hai, na sanduku la mbao halijanifanya nimpende.

Nianze na lililo haki yake. Alikuwa fundi kwelikweli. Miaka ile ya Chama kimoja, nchi ilipoitwa Zaire na shaba ndiyo ilikuwa mama yetu sote, nilikuwa mtunza ghala la vipuri katika gereji ya kampuni ya uchukuzi iliyopeleka unga wa mahindi kwenye kambi za wachimbaji. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa gereji, na dirisha la ghala langu lilitazamana na shimo lake la kazi. Nakumbuka mkulima mmoja wa upande wa Luano aliyeleta gari lake zito, ambalo lilikuwa limeinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji, kwa sababu alikuwa amelifungia bampa nene la chuma. Alitaka pua inyanyuliwe ilingane na nyuma. Marehemu alizifungua springi za mbele, akayapanga upya yale mabapa ya chuma moja juu ya jingine, akaongeza bapa moja lililokunjwa motoni kwa kipimo cha yale ya zamani. Akabadilisha mipira ya breki, ile mirija inayopeleka mafuta ya breki magurudumuni, akaweka mirefu zaidi, akaliinua gari kwa jeki hadi magurudumu yakaning'inia, akaingiza kidole kuhakikisha kwamba mpira haujakazwa. Akarekebisha vyuma vya usukani. Mwishowe akalipakia magunia ya mchanga na kuliendesha mwenyewe kwenye barabara mbovu kuliko zote alizozijua. Mkulima alikuja kulalamika kwamba kazi inachelewa, akafukuzwa kwa matusi.

Katika kazi hiyohiyo fundi mmoja alipendekeza njia ya mkato: waache springi kama zilivyo, waweke tu vipande vya chuma kati yake na ekseli, gari lipande juu mara moja. Marehemu alivichukua vipande hivyo mkononi mwa yule bwana na kuvirusha nje ya ukuta. "Unataka kuua bantu?" alimfokea. "Kichuma chini ya resor ya mbele, siku shofere atafunga fere kwa nguvu, kitatoka! Na mupira ya fere itakatika! Nisikuone tena nacho!" Bantu ni watu, resor ndizo springi, na fere ni breki, kama tunavyosema hapa kwetu. Namtaka msomaji aikumbuke sauti hiyo anaposoma yanayofuata. Mtu huyu alijua. Hakuna aliyejua kuliko yeye.

Kisha ikaja kamyoneti mpya ya kampuni, nzito, nyeupe, ya kubebea mizigo. Kama yalivyo magari ya aina hiyo, nyuma ilisimama juu kuliko mbele ili ikipakiwa ishuke na kulingana. Kiongozi wa Chama pale kazini, aliyekuwa na mkono katika kila cheo kilichotolewa, aliichagua ndiyo imbebe siku ya gwaride. Alikuja gerejini siku mbili kabla, akiwa amevaa abakosti, lile koti la Chama lisilovaliwa tai, iliyopigwa pasi, akaizunguka, akakunja uso. "Sitwayeni," alimwambia marehemu, yaani raia, kwa maana ndivyo tulivyolazimika kuitana, "hii gari inainamisha kichwa. Chama haiinamishe kichwa mbele ya muntu. Uinyanyue." Nilimtazama marehemu kwa dirisha langu. Nilitegemea aseme kwamba kazi hiyo inataka juma zima, au kwamba gari lililonyanyuliwa mbele likipakiwa litatazama mbinguni. Alisema, "Ndiyo, sitwayeni. Kesho itakuwa tayari." Na kesho yake ilikuwa tayari. Alichonga vipande viwili vya chuma yeye mwenyewe, akavipachika kati ya ekseli na springi, akavifunga kwa boliti ndefu. Mipira ya breki aliiacha ileile. Ilikuwa imekazwa kama uzi wa gitaa. Fundi yule aliyetukanwa alisimama pembeni na kitambaa cha mafuta mkononi, akimtazama.

Gwaride lilipita vizuri. Watu waliimba, kiongozi alisimama nyuma ya gari akipunga mkono, pua ya kamyoneti ilikuwa juu kama alivyotaka. Muda mfupi baadaye marehemu alipewa nyumba yenye bustani upande wa mjini. Hayo yote ningemsamehe, laiti angeirudisha kamyoneti shimoni na kuvitoa vile vyuma. Hakuvitoa. Kiongozi alikuwa ameipenda jinsi ilivyosimama, na marehemu hakutaka kumuudhi. Ikaandikiwa safari ya Mokambo kuchukua unga mpakani, na dereva aliyepewa alikuwa mtu wa asili ya kaskazini, mwana wa mfanyakazi wa reli, Mkatoliki wa kila Jumapili, asiyeonja hata pombe ya harusi. Alipojaribu usukani alirudi gerejini na kusema, "Shefu, mbele inakuwa mwepesi. Inakimbia peke yake." Marehemu alimjibu bila kuinua kichwa, "Enda. Utaizoea."

Waliorudi kutoka safari ile ndio walionisimulia. Gari lilikuwa limejaa magunia, na juu ya magunia walikaa wanawake watatu waliopewa lifti. Kwenye mteremko, gurudumu la kushoto lilitumbukia shimoni, ekseli ikashuka, mpira wa breki ukakatika. Dereva alikanyaga, hakukuwa na kitu. Mbele yake, kando ya daraja, wauza makala, yaani makaa ya kupikia, walikuwa wamepanga mifuko yao na kuketi. Aliuvuta usukani kwa nguvu zote akaliingiza gari katika kichuguu, mojawapo ya vile vichuguu vyetu vikubwa kama nyumba. Hakufa mtu. Wanawake walitupwa juu ya magunia wakaumia kidogo. Mguu wa dereva ulipondwa chini ya usukani.

Gari lililombeba kiongozi wa Chama limevunjika: katika miaka ile hiyo haikuitwa ajali, iliitwa hujuma. Marehemu ndiye aliyekwenda kulivuta. Lilipofika gerejini springi za mbele zilikuwa zimekaa moja kwa moja juu ya ekseli, kana kwamba halikuwahi kuinuliwa, na vile vyuma viwili niliviona mimi kwa macho yangu sakafuni chini ya kiti cha gari lake, vimefungwa gunia, ncha moja ikichungulia. Mpelelezi alipokuja nilimweleza. Aliniuliza, "Weye uko fundi?" Nikasema hapana, niko mtu wa ghala. "Basi nyamaza," akasema, "tutauliza muntu mwenye anajua." Akamuuliza anayejua. Anayejua akajibu kwamba gari lilikuwa zima, na dereva huenda alilewa.

Dereva alitolewa hospitali kabla mguu haujaunga, akapelekwa buloko, yaani gerezani. Mkewe alikuja getini pa gereji akiwa na sufuria ya chakula alichokuwa akimpelekea mumewe. Marehemu alipotoka, mama huyo alimzuia njia.

"Baba, minakuya kukuomba neno moya tu. Weye njo ulifanya ile kazi. Enda ubaambie."

"Mama, rudi ku nyumba. Mambo ya Chama haiko ya banamuke."

"Haiko mambo ya Chama. Iko mambo ya fere. Unajua bwana yangu hakunywaka."

Marehemu alitazama chini, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Niko na batoto, mama."

"Na yeye iko na batoto," akajibu. Marehemu alipita pembeni yake, akapanda gari lake, akaenda kula chakula cha mchana.

Dereva alikaa gerezani mvua zote na sehemu kubwa ya kiangazi, kisha akaachiliwa bila kesi na bila maelezo. Mguu ulikuwa umeunga upande. Hakuendesha tena gari maishani. Mkewe aliwalea watoto kwa kuuza mihogo, na mumewe akawa anatengeneza baiskeli uani, ameketi. Marehemu alifungua gereji yake mwenyewe Chama kilipodhoofika, akatajirika, akawa mdhamini wa kwaya. Mara moja tu niliwaona pamoja, katika harusi ya jirani wetu. Meza zilikuwa zimebanana, na yule aliyekuwa dereva akajikuta ameketi karibu naye. Alimuuliza kwa utulivu kabisa, "Shefu, vile bichuma ulibitupa wapi?" Marehemu alicheka kidogo, akajifuta midomo. "Ile ilikuwa wakati ya Chama, ndugu yangu. Siye bote tulikuwa namna moya."

"Bote hapana," akasema dereva. "Miye nilikuwa ku buloko."

Hilo jibu la marehemu ndilo linalonichukiza hadi leo kuliko hata kosa lenyewe, maana nalisikia kila mahali. Mwalimu aliyemfelisha mtoto wa asiyependwa, daktari aliyeandika alichoagizwa, karani aliyehamisha mpaka wa shamba, wote wakizeeka wanasema ulikuwa wakati ule. Wakati ulikuwa mbaya, sikatai, niliuishi. Lakini wakati hauna mikono. Haukuinama chini ya ile kamyoneti kufungua boliti na kuficha vyuma ndani ya gunia. Na woga nao nauelewa. Asiyejua akiogopa, madhara yake ni madogo, kwa sababu neno lake halikutegemewa. Marehemu alikuwa mtu pekee katika mji huu ambaye neno lake kuhusu springi lingemfungulia mtu mlango. Heshima yote aliyojengewa na ujuzi wake aliitumia siku hiyo kuufunga.

Kwa hiyo mwanawe, kijana mpole, anisamehe. Kama baba yake alimpenda, hayo ni yake, ayatunze. Ninyi mnaojifunza kazi yoyote yenye kushika uhai wa watu, mjue kwamba kujua sana hakumfanyi mtu kuwa mwema. Kunamwongezea tu deni la kusema. Na semeni mapema, mtu akiwa bado ndani, jeraha likiwa bado bichi. Ukweli ninaouandika leo nimechelewa nao, ingawa nilianza kuusema siku ileile alipokuja mpelelezi. Hauogopwi na yeyote sasa, na haunyooshi mguu wa mtu.